Sindano Iliyogeuzwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliwaacha wapi. Mkokoteni umesimama nje ya dirisha langu, juu yake kitu kimefunikwa shuka, na chini ya shuka umechungulia mguu wa chuma ninaoujua kuliko miguu yangu mwenyewe.

Mliofika leo, karibuni, na msikae mbali. Kukaa mbali mbali kumenichosha.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza. Nilikuwa na mume, akatoka siku moja kununua betri za redio, na nadhani mpaka leo bado anachagua. Kazi nayo ikanikimbia, maana watu walikuwa wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, na cherehani zao wamezigeuza meza za kuwekea televisheni. Nilishafunga bisibisi zangu kwenye gunia, niende nikauze nyanya.

Ndipo ugonjwa ukaja.

Kila mtu akataka barakoa, na kila aliyekuwa na bibi mshonaji akakumbuka uvunguni kuna nini. Wakazitoa. Nyingine zimeliwa na kutu, nyingine mende wamezifanya wodi ya uzazi. Mimi niliyekuwa napewa salamu za huruma nikaanza kuitwa "fundi wetu". Watu bwana!

Lakini nisiwadanganye. Kazi ilikuwa tele, mtu hakuna.

Chumba changu kiko chini, dirisha na mlango vinatazama barabara. Mwenye nyumba anaishi juu na mkewe, ambaye kifua chake ni kibovu tangu ujana. Yule mzee aliniita ugonjwa ulipoanza, akasimama kwenye ngazi, mimi chini.

"Fundi, mashine ziingie, watu wasiingie," akaniambia. "Ugonjwa huu ukimpata mke wangu, nitamzika. Nikimwona mtu yeyote amevuka kizingiti chako, na wewe utamfuata na begi lako."

"Hata ndugu?"

"Una ndugu wewe?"

Alikuwa ameuliza bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi utaratibu ukawa huo. Mteja anaweka cherehani kwenye kizingiti, anarudi nyuma mpaka ng'ambo ya mtaro. Mimi navuta komeo, naiburuta ndani, naipangusa kwa maji ya sabuni, nafunga. Tunaongea kwa dirisha lenye nondo, yeye na barakoa yake, mimi na yangu. Nikimaliza kazi naiweka nje, anachukua. Sijashikwa mkono na mtu tangu mambo haya yaanze. Nilifika mahali nazisalimia cherehani. "Umeamkaje, mama? Mkanda umelegea? Ndio uzee huo." Haziitikii, lakini angalau hazijitengi.

Sasa turudi kwenye mkokoteni.

Mwenye mkokoteni namjua, wanamwita Breki kwa sababu mkokoteni wake hauna.

"Hodi, fundi! Nimekuletea mgonjwa."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mama, mimi nimeambiwa nibebe. Sikuambiwa niseme."

"Inaumwa nini?"

"Haikamati uzi. Unakanyaga pedali mpaka unatoka jasho, nguo inapita hivi hivi, hakuna mshono. Wamesema fundi ataona mwenyewe."

Akaivuta shuka.

Jamani. Ilikuwa cherehani ya mama.

Kwenye ubao wake kuna alama nyeusi ya pasi ya makaa. Siku moja dada yangu alianguka nje akalia, mama akaiacha pasi hapo akakimbia. Sisi tulikua tukipitisha vidole kwenye ile alama kama ramani. Hata ukinifunga macho, ukinipa ubao ule nitakwambia hii ni nyumbani.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kumnyima mtu. Alimwahidi dada ile cherehani. Halafu akaniahidi na mimi. Kila mmoja akiwa peke yake naye, akishikwa mkono, akiambiwa usimwambie mwenzio. Tulipotoka kumzika, kila mmoja akanyoosha mkono kuchukua chake. Dada ni mkubwa, akaichukua.

Nilimwambia, "Kuanzia leo mguu wako usikanyage mlangoni kwangu."

Akanijibu, "Mlango wenyewe una nini cha kukanyagwa?"

Na ikawa hivyo. Tukahama, kila mmoja upande wake, namba za simu zikabadilika, miaka ikapita. Kiburi ni cha kurithi kwetu, na hicho tuligawana sawasawa.

Kwa hiyo mkokoteni ulipoondoka nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya ile mashine kama naomba msamaha kwa chuma. Nikaikagua. Gurudumu linazunguka vizuri. Mkanda mzima. Bobini ya uzi wa chini safi, mafuta yamo. Mtu aliitunza hii cherehani.

Nikaitazama sindano.

Ilikuwa imewekwa kinyume.

Niwaeleze kidogo, msinichoke. Sindano ya cherehani, kule juu inakoshikwa, upande mmoja ni wa duara na mwingine ni bapa. Ukiigeuza, uzi haukamatwi hata kidogo. Kosa hilo hulifanya mtu aliyeanza kushona jana. Mama alitufundisha tusitazame kwa macho, tupapase ubapa kwa kidole gumba. Alikuwa akizima taa anatuambia, "Haya, wekeni." Nasi tunaweka, gizani, bila kukosea.

Nikakaa chini sakafuni.

Dada hawezi kuigeuza sindano. Akiwa mgonjwa, akiwa na usingizi, akiwa na hasira, kidole chake kitamwambia. Basi aliyeiweka si yeye. Mtu mwingine anashonea cherehani ya mama. Ameipataje?

Ameuziwa? Dada angeuza figo kwanza.

Basi ameachiwa. Na mtu huachiwa vitu na nani? Na wasiorudi.

Nililia. Siku zile mtu alikuwa anaondoka na kuzikwa na watu wachache, jirani wa nyumba ya pili hana habari. Nani angeniletea mimi taarifa? Kwa namba ipi? Nilijifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine nikajipaka weusi uso mzima, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Kuigeuza ile sindano ni kazi ya kufumba na kufumbua. Niliigeuza. Nikachukua kipande cha kitambaa nikajaribu, mshono ukatoka umenyooka, mzuri, ule ule wa mama. Ni desturi yetu mafundi kukiacha kile kitambaa cha majaribio chini ya mguu wa mashine, mwenye mali akija aone kazi. Nikakiacha.

Halafu sikuirudisha.

Breki alipokuja nikamwambia kuna kifaa nasubiri.

"Kifaa gani?"

"Wewe unajua vifaa?"

"Sijui."

"Basi hata nikikwambia."

Akaenda zake anacheka. Mimi nikarudi kwa mama. Maana nilishaanza kuiita hivyo, mama. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, naweka miguu juu ya pedali, naikanyaga taratibu bila uzi, nasikiliza ule mlio niliokuwa nalalia utotoni. Kazi za watu zinanisubiri, mabishoo wa mjini wananipigia simu, "Fundi vipi?" Nami nawaambia kesho.

Breki akaja tena.

"Mama, mwenyewe anauliza umeonaje."

"Nimeonaje nini?"

"Sijui. Kasema nikuulize hivyo tu. Fundi ameonaje."

"Mwambie nimeona kwamba aliyeshika hii cherehani hajui kazi! Na mwambie siitoi. Aje mwenyewe aniambie ameitoa wapi."

Breki akakuna kichwa. "Mwenyewe hawezi kuja."

"Kwa nini?"

"Sikuambiwa niseme."

"Na mimi sikuambiwa nitoe. Aje! Hata akitambaa."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze neno."

Alinitazama kitambo juu ya barakoa yake. Kisha akaushika mkokoteni mtupu, akaondoka bila kucheka.

Mnaniona? Hasira ikinipanda huwa naona nina akili sana.

Kesho yake sikumwona. Keshokutwa vivyo hivyo. Nikaanza kujuta. Nikajisemea, wewe mwanamke, ungemfuata tu yule mtu na mkokoteni wake, ungefika kwenye nyumba, ungejua. Lakini nani ataulinda mlango, nani atapokea mashine, na mwenye nyumba akikuta sipo? Visingizio ninavyo vya kutosha kufungulia duka.

Ikafika asubuhi ile. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya mashine ya mteja natafuta skrubu, nikasikia magurudumu.

"Hodi, fundi."

Sauti ya Breki, lakini ya chini. Nikainuka nikaenda dirishani.

Mkokoteni ulikuwa umesimama ng'ambo ya mtaro. Juu yake, kwenye magunia yaliyokunjwa, amekaa mwanamke. Amefunikwa miguu kwa shuka ile ile iliyofunika cherehani. Barakoa yake imeshonwa kwa mkono, mishono mirefu mirefu, imepinda upande mmoja.

Mambo haya yametuficha nyuso, lakini hayajaficha jinsi mtu anavyoinamisha shingo anapotaka kusema neno kali. Niliijua ile shingo.

Mzima! Dada yangu mzima! Nilishika nondo kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga vigelegele, nilitaka kutukana.

"Fundi," akasema. "Nimekuja. Sikutambaa, lakini tusigombane kwa hilo."

Breki akatazama chini.

"Dada..." Nilianza kwa sauti ndogo, sijui kama ilifika ng'ambo.

"Ulisema mguu wangu usikanyage mlangoni kwako." Akaishika shuka akaifunua kidogo. Miguu ilikuwa imelala pale, miembamba, kama si yake. "Haujakanyaga. Na kwa hali hii, huna haja ya kuogopa."

"Nini kimekupata?"

"Ilianza ganzi. Kisha ikakataa kabisa. Mambo ya mgongo, walisema. Ni kitambo sasa."

"Na nani anakutazama?"

"Kulikuwa na binti akinisaidia. Njia zilipotaka kufungwa akarudi kwao, na mimi nikamwambia nenda, mama yako anakuhitaji. Wanangu wako mbali, wananipigia simu, wanalia kwenye simu, mimi nawabembeleza. Breki hapa ananiletea maji. Nimebaki na ukuta, na cherehani."

Nikapata pumzi nikauliza swali la kijinga, maana mimi ni fundi na kichwa changu kilikuwa kimekwama kwenye mashine.

"Sasa kama miguu haina nguvu, pedali unaikanyagaje?"

"Siikanyagi."

"Nani anashona?"

"Hakuna anayeshona. Huoni hii?" Akagusa barakoa yake iliyopinda. "Hii nimeshona kwa mkono. Mama angeniona angenichapa."

"Na sindano? Nani aliigeuza?"

"Mimi."

Nikamtazama.

"Umesahau?" akasema, na hapo sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. "Tulipokuwa wadogo, tukichoka kufunga vifungo na kukata nyuzi, tulikuwa tunafanyaje? Mama akienda jikoni, mmoja anachungulia mlango, mmoja anaigeuza sindano. Akirudi, mashine haikamati uzi. Anahangaika, anaita fundi, anatuambia, haya nendeni mkacheze. Mpaka alipotugundua. Ndipo akaanza kutuzimia taa."

Jamani! Nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka somo, nikasahau kosa lililoleta somo. Tulikuwa tukikimbia na vifungo mfukoni, tumeshikana mikono, tunacheka mpaka tumbo linauma. Na kila mara aliyekuwa anaigeuza ni yeye, ili tukikamatwa achapwe yeye.

"Nilisikia kuna fundi mwanamke upande huu anatengeneza cherehani," akaendelea. "Nikasema, huyo ni mdogo wangu. Nikaigeuza sindano, nikamwambia Breki asitaje jina. Nilidhani ukiiona utacheka. Nilidhani utaacha bisibisi hapo hapo, umfuate Breki mpaka nyumbani. Siku ile nilijipangusa, nikachana nywele, nikakaa natazama mlango."

Akairudishia shuka juu ya miguu.

"Breki akarudi peke yake. Safari ya pili akasema unasubiri kifaa."

Breki alikuwa anakwangua ubao wa mkokoteni kwa ukucha.

"Dada, nilidhani umekufa," nikasema.

"Bado. Ndio maana nimekuja." Akavuta pumzi. "Mdogo wangu, mimi si mtu wa kuomba, unanijua. Naomba mara moja tu. Chumba chako kina kona? Sili sana. Vifungo naweza kufunga, mikono mizima. Nitakaa pale penye cherehani ya mama, hutanisikia."

Niwaambie ukweli? Kwa miezi ile yote nilikuwa naongea na vyuma. Niliomba Mungu aniletee hata mwizi, nisikie mtu anapumua. Na sasa damu yangu iko ng'ambo ya mtaro inaomba kona.

Mkono wangu ulikwenda kwenye komeo.

Juu, dirisha likafunguka.

"Fundi!" Mwenye nyumba. "Unaongea na nani muda wote huo? Nani huyo kwenye mkokoteni?"

Nyuma yake nikamsikia mkewe anakohoa, kile kikohozi chake cha siku zote, kikavu.

Nikawaza begi. Nikawaza mashine za watu zilizojaa ndani, nitazipeleka wapi. Nikawaza yule mama na kifua chake, ambaye hajanikosea lolote, na aliniteremshia uji nilipoumwa. Vyote nilivifikiria kwa mpigo mmoja, na mdomo haukunisubiri nimalize.

"Mteja tu, bwana," nikajibu. "Anaondoka sasa hivi."

Ndiyo. Niliyasema hayo. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema, na anayetaka kunitupia jiwe asijizuie.

Dada alinitazama. Barakoa ilimfunika kila kitu isipokuwa macho, na macho yale hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona hawezi.

"Breki," akasema, "geuza."

"Na cherehani, mama? Tusiibebe?"

"Iache. Mama alimwahidi fundi. Nilijua tangu siku ile ya mazishi."

Breki akaushika mkokoteni. Magurudumu yakalia. Nikaona mgongo wa dada ukigeukia barabara, na mkono wake mmoja umeshikilia ubao ili asiyumbe, maana hana miguu ya kujizuia. Mkono wa mama kabisa, kidole gumba kimekaa vile vile.

Nikavuta komeo.

Siku zote lile komeo linateleza. Siku ile likakwama. Nilivuta, nikasukuma, nikalipiga kwa nyundo. Mlango ukafunguka ukagonga ukuta, na mimi nikapiga ukelele ambao mtaa mzima uliokuwa umejifungia ulitoka madirishani kuusikiliza.

"Dada! Dada yangu! Rudi!"

Breki akasimama, akasukumia jiwe chini ya gurudumu kwa mguu.

Nikasikia ndara zinashuka ngazi kwa haraka. Mwenye nyumba akatokea ubavuni kwangu, amejiziba mdomo na pua kwa taulo.

"Dada?" akasema. "Si umesema mteja?"

Nikasogea mbele.

"Sina ubaya na wewe, fundi," akasema, na sauti yake nayo ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Lakini ukivuka hapo ukamshika, usirudi ndani. Nina mgonjwa juu."

Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye kizingiti. Nyuma yangu ilikuwa cherehani ya mama, na kitambaa cha majaribio bado kimo chini ya mguu wake, mshono umenyooka, hakuna aliyekiangalia.

"Dada!"

Hakugeuka. Aliinua mkono wake juu, ule usioshika ubao, na sikujua kama ananiita au ananiaga.